Kadi Haiachwi Wazi

9 Januari

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe, paka wako, na ile mashine ya kusagia lenzi inayopiga kelele kuliko paka. Mimi ni mzima. Nimehama chumba. Hiki cha sasa kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na jirani ana redio. Bado nafundisha watoto kuogelea kwenye bwawa la shule, asubuhi wadogo, mchana wakubwa, na bado nanuka dawa ya maji hata nikioga mara tatu.

Baada ya salamu hizo, nina jambo. Nimeamua, au niseme nimekaribia kuamua, kufanyiwa leza ya macho.

Najua umeshakunja uso. Ukunjue, usome mpaka mwisho. Nimefikiria kila njia. Nilijaribu zile lenzi laini za kuvaa ndani ya jicho. Wiki ya pili macho yakawa mekundu kama ya mfiwa, na nesi akanikemea kwamba lenzi hizo na maji ya bwawa havikai nyumba moja. Nilijaribu miwani ya kuogelea yenye namba. Chini ya maji ni nzuri, lakini kazi yangu kubwa naifanya nimesimama ukingoni, na pale inaniziba pembeni kama punda wa mkokoteni. Miwani ya kawaida unaijua mwenyewe: mvuke, matone, na watoto kuniita Mwalimu Macho Manne. Kuna pia kupandikizwa lenzi ndani kabisa ya jicho, lakini hiyo hata mimi naiogopa. Imebaki leza. Dakika kumi na tano, macho yote mawili.

Kliniki wanataka ushahidi kwamba namba ya macho yangu haijabadilika kwa angalau miaka miwili. Ushahidi huo ni kadi yangu, iliyoko dukani kwako, droo ya tatu. Tafadhali nitumie. Naambatanisha kipeperushi chao ili usije ukasema nimekuficha.

Msalimie mama. Mwambie barua yake naijibu wiki hii.

Mwanao,
Macho Manne


30 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, na kama nisingekuwa mzima hicho kipeperushi chako kingenimaliza. Paka amezaa wanne, wote wanamfanana baba yao mwizi wa jikoni kwa jirani. Bati la duka linavuja palepale. Mama yako hajambo, nadhani. Nasema nadhani kwa sababu siku hizi wifi yangu akikutana nami barabarani ananipita kama anayepita mti. Jumanne tulikutana uso kwa uso mbele ya duka la vitambaa. Nikafungua mdomo nimsalimie, yeye macho mbele, kikapu mkononi, huyo akaenda zake. Nikaufunga mdomo wangu. Sijui nilimkosea nini wala siulizi, mwenye kiburi mwache na kiburi chake. Salamu zako zitamfikia siku atakayoamua kuniona.

Sasa hicho kikaratasi. Nimekisoma chote. Kurasa nne, picha sita, na hakuna hata moja ya jicho! Kuna mwanamke amesimama juu ya kilima, ametanua mikono, anacheka. Anacheka nini? Kuna mwanamume anaendesha baiskeli bila miwani na bila kushika usukani. Huyo tatizo lake si macho. Halafu kuna daktari wako mwenyewe, ukurasa mzima, meno nje. Mtu wa macho anaonyesha meno. Ningekuwa mimi ningepita mlango wa pili nikang'olewe jino, maana inaelekea ndiyo kazi anayoijua.

Nimechonga lenzi miaka thelathini na minne, tangu nilipokuwa nasimama juu ya kigoda kuifikia mashine ya babu yako. Jicho si sufuria kwamba likibonyea unalisugua. Miwani ikikosea, unaivua. Leza ikikosea, utavua nini? Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kuhusu kadi, kadi ni mali ya duka. Babu yako ndiye aliyezianzisha, na sheria yake ilikuwa moja: kadi haiachwi wazi. Kila mwaka una mstari wake, kila mstari una namba yake, kwa sababu mteja akiona pengo atajua fundi alilala. Kadi hizo hazikuandikwa ili zizurure kwenye mabahasha kwenda kukaguliwa na watu wenye meno.

Kama miwani yako imekwaruzika, sema, nikuchongee nyingine kama kila mwaka.

Shangazi yako


22 Februari

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Hongera kwa paka. Angalau yupo mmoja dukani hapo anayeleta kitu kipya. Mimi nilishikwa na mafua, yamepita. Redio ya jirani haijapita.

Umesema mengi kuhusu meno ya watu, sasa nami niseme kuhusu duka. Ubao wako wa herufi umenizidi umri. Mstari wa tatu umefifia mpaka wateja wanaukisia, na wewe unawasahihisha kwa kichwa bila kugeuka kuutazama. Kiti cha kupimia kimechanika mto, na kila anayeketi anainuka na kipande cha sponji nyuma. Unampima mtu kwa kumuuliza "hii au ile? hii au ile?" mpaka anachoka, anasema "hii" ili aende kula. Halafu unamcheka mtu mwenye mashine! Nyani haoni kundule.

Hiyo mashine nimeketi mbele yake. Inachora kioo cha mbele cha jicho kwa rangi, kama ramani ya milima. Daktari aliitazama ramani yangu akaguna. Alisema kioo cha jicho la kulia ni chembamba kidogo, na kwa chini kuna doa la rangi ambalo halimpendezi wala halimtishi. "Uko katikati," aliniambia. "Ukiniletea historia inayoonyesha macho yametulia, naendelea. Ukikosa, tungoje mwaka mzima tukupime tena." Kwa hiyo mambo yangu yote yamekalia kadi yako.

Mwaka mzima siwezi kungoja. Nina sababu zangu. Nakuomba kwa mara ya pili, na unajua mimi si mtu wa kuomba mara mbili.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako haikuchelewa, niliyechelewa ni mimi. Kwanza homa. Ilipoondoka homa ikaja mvua, na bati unalijua. Paka watatu wamepata wenyewe, wa nne hatakiwi na mtu kwa sababu ya tabia, kwa hiyo nimebaki naye. Tunaelewana.

Mama yako alinipita tena, safari hii mbele ya watu. Nimemwacha.

Kuhusu kadi, pole. Mvua ile iliingia droo ya tatu. Yako imegandamana na nyingine, wino umetawanyika, haisomeki hata kwa mtu aliyeiandika. Basi, yameisha.

Na mimi naona ni heri. Huyo mwenye meno kwa mara ya kwanza amesema neno la mtu mzima, nawe ndilo usilotaka kulisikia. Amekwambia ngoja mwaka. Ngoja! Unakimbilia wapi? Eti una sababu zako. Sababu gani ambayo haiandikiki? Kama ni mwanamume anayekutaka bila miwani, mwambie aichukue miwani akuachie uso wako. Kama ni hao watoto wa Macho Manne, watoto huita. Mimi waliniita Kitako cha Chupa, kwa unene wa miwani yangu, mpaka naolewa, na aliyenioa aliniita hivyo pia, na tuliishi.

Unadhani ukitoka kwenye hicho kiti chake utasimama juu ya kilima utanue mikono. Utasimama palepale ulipokuwa, ila na macho makavu na chupa ya matone kwenye mkoba. Nimewaona. Wanakuja dukani kwangu kwa aibu kutafuta miwani ya kusomea, wanazungumza kwa kunong'ona kama wanaonunua bangi.

Shangazi yako


20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima.

Njia ya mwongo ni fupi. Kadi yangu iko hapa mezani na ni kavu. Nilimwandikia mama. Alikuja dukani Ijumaa moja kukujulia hali baada ya homa, na ulipokwenda nyuma kuchemsha chai alifungua droo ya tatu. Alisema ilimbidi azisogeze kadi mpaka puani, moja baada ya nyingine, kabla hajaipata yangu, na muda wote huo wewe ulikuwa nyuma unamsimulia paka. Kwa hiyo usiseme hakuthamini. Alivumilia habari za paka kwa ajili yangu.

Sikuelewa ulikuwa unaficha nini, maana kadi yenyewe ni ya kujivunia. Miaka sita tangu niondoke, mistari sita, na hakuna hata nukta moja iliyosogea. Daktari alimwita nesi aje aone. "Fundi wenu ni makini sana," alisema. Nilitamani uwepo usikie unavyosifiwa na mtu mwenye meno. Nimepewa tarehe 16 Juni, saa tatu asubuhi.

Sasa sababu zangu, kwa kuwa umeziulizia kwa adabu yako ileile.

Novemba iliyopita nilikuwa na watoto kumi na wawili wa darasa la pili ndani ya maji. Mimi nilikuwa ukingoni, pakavu, miwani haina mvuke wala tone. Nilitazama upande wa kina nikaona kitu cha njano chini. Nikajiambia ni kigae, bwawa lina vigae vya njano huko. Nikaendelea kuwahesabia miguu, moja, mbili, moja, mbili. Msafishaji wa bwawa ndiye aliyejitupa na viatu vyake. Kile cha njano kilikuwa kofia. Mtoto alitapika maji, akalia, akapona. Ana miaka saba. Mama yake alikuja akanishika mikono kunishukuru, kwa sababu alidhani mimi ndiye niliyeona na kumtuma msafishaji. Mimi nikanyamaza. Mpaka leo naona haya kupita kwenye lango la shule akiwepo.

Nilikuwa nimevaa miwani yako, Shangazi. Ile uliyonitumia Januari ya mwaka jana, mpya, nimeifuta kabla ya somo. Kwa hiyo usinihubirie tena miwani, maana ndiyo niliyokuwa nimevaa.

Usinipigie simu. Sitapokea mpaka baada ya tarehe hiyo.

Mwanao


5 Mei

Mwanangu,

Nimepiga simu mara kumi na moja. Hongera kwa kutimiza ahadi.

Mimi ni mzima. Paka mzima. Mama yako mzima wa kutosha kuiba. Mtu unamkaribisha, unamwekea chai na sukari anayoipenda, unashangaa kumbe leo amekuona, kumbe macho yake yako kwenye droo! Kikulacho ki nguoni mwako. Mwambie mkoba wake nautambua, akiingia tena dukani utabaki nje.

Nilikuwa na mengine ya kuandika juu yake lakini nimeyaacha.

Huyo mtoto ni mzima kweli? Mapafu yake yalitazamwa?

Nikuulize kitu, unijibu bila maneno mengi. Ukifunga jicho la kushoto ukatazama taa ya mbali kwa la kulia tu, taa inakaa moja, au inatoa mkia kuelekea chini, kama iliyomwagikiwa na maji?

Na hiyo tarehe iahirishe. Mwezi mmoja tu. Waambie unaumwa, waambie shangazi yako amekufa, lolote. Usiniulize kwa nini. Mimi ni mkubwa kwako na nimekuomba, na hilo peke yake lingetosha katika nyumba yenye adabu.

Shangazi yako


24 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mtoto ni mzima.

Taa zina mikia, ndiyo. Mwaka wa tatu sasa. Nilidhani ndivyo taa zilivyo. Nimeshangaa kuulizwa, kwa sababu hujawahi kuniuliza chochote kuhusu macho yangu tangu nilipohama.

Siahirishi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, najua, lakini mkuu anapaswa kwanza aseme hilo la kusikilizwa. Wewe unatoa amri, unaficha sababu, unanidanganya habari za mvua. Toa sababu au nyamaza.

Mwanao


10 Juni

Mwanangu,

Barua hii inakuja kwa basi, dereva ameahidi kukukabidhi mkononi. Ya pili ameichukua kuipeleka kliniki kwa daktari wako. Nakala yake iko nyuma ya hii. Sina salamu leo.

Kadi yako ni ya uongo.

Ulipoondoka hapa, namba uliyoondoka nayo niliipima mwenyewe, kwenye kiti hicho unachokidharau, na ilikuwa sahihi. Mwaka uliofuata ukaandika kwamba miwani imekwaruzika, nikutumie nyingine. Nilichonga ileile. Nilijiambia macho yako nayajua, nimeyajua tangu una miaka sita. Nilipokwenda kuifungua kadi nikakuta mstari wa mwaka huo uko tupu, na babu yako amenifundisha kwamba kadi haiachwi wazi. Nikaandika namba ya mwaka uliopita. Mwaka mwingine vilevile. Mara sita. Sikukupima hata mara moja, mwanangu. Nilikunakili.

Uliponiomba kadi nikaona haya, basi. Sikuwa na sababu nyingine. Hayo yote ya meno na kilima yalikuwa ya kuifunika haya hiyo, ingawa meno yake bado siyapendi. Nilidhani nikikataa kwa dharau ya kutosha utachoka uache. Halafu ukaandika habari ya kofia ya njano. Nimeisoma barua ile mpaka imechanika kwenye mkunjo. Ulisimama pakavu, miwani safi, na hukuona, na ukadhani kosa ni la miwani kwa kuwa ni miwani. Kosa lilikuwa la namba. Namba hiyo niliiandika mimi, nimeketi, nakunywa chai.

Hata hapo sikusema. Nikakuandikia ahirisha, kama malkia. Nimejidharau tangu siku hiyo, na unajua mimi nikidharau kitu nadharau sawasawa.

Sasa nisikilize kama fundi, usinisikilize kama shangazi. Kioo chembamba, doa kwa chini, taa yenye mkia, na namba ambayo hakuna anayejua imekimbia wapi kwa miaka sita. Nimepata wateja wawili wa namna hiyo maishani mwangu. Kioo cha jicho kinalegea, kinachomoza mbele kidogo kidogo. Mwenye jicho hilo hapunguziwi kioo kwa leza, kwa sababu tayari hakimtoshi. Inawezekana nimekosea. Wakupime upya, wasahau kadi kabisa.

Na huyo daktari wako, mashine yake inachora milima, lakini hakuona kwamba mistari sita ina namba ambazo hazikutikisika hata kwa nukta, jicho la kulia wala la kushoto. Hakuna jicho la mtu aliye hai linaloandika hivyo. Akakwambia fundi ni makini! Nimemwandikia: "Kadi hiyo si kipimo. Niliijaza bila kumwona mgonjwa. Ukimgusa kwa kuiamini, tutakuwa wakosaji wawili." Nimetia sahihi na muhuri wa duka, ule wa babu yako.

Usipoamini neno langu jingine lolote katika maisha yako, liamini hili.

Shangazi


1 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Jirani amehama na redio yake.

Dereva wa basi alinikuta bwawani, akanikabidhi bahasha mbele ya darasa zima. Niliisoma nimesimama. Nikataka kuichana, nikakumbuka taa.

Tarehe 16 nilikwenda, lakini si kwa leza. Daktari alikuwa na barua yako mezani na hakucheka hata mara moja, kwa hiyo meno yake sikuyaona. Walinipima upya siku nzima. Namba ya jicho la kushoto imesogea kidogo. La kulia halikutani kabisa na kadi yako. Kioo kimechongoka kwa chini kama ncha ya yai, kama ulivyosema. Nilimuuliza ingekuwaje kama angeendelea. Akafunga faili. Akasema, "Mshukuru aliyeandika." Sikushukuru, maana ni huyohuyo aliyeandika kadi.

Wameniwekea matone na kunimulika kwa mwanga maalumu, ili kioo kikaze kisiendelee kuchomoza. Hiyo haimwondolei mtu namba, inazuia tu isiharibike zaidi. Jicho likishapoa watanipa lenzi ngumu, zile ndogo, kwa kazi ya ukingoni, na nikiingia majini nitazivua. Ile ya kulia nilivalishwa kwa dakika ishirini za kujaribu, kabla ya matibabu. Nikaomba ruhusa nikavuka barabara mpaka shuleni, nikasimama pale pale nilipokuwa nimesimama Novemba, nikatafuta kile kigae cha njano.

Hakipo. Vigae vyote ni vya buluu. Sakafu nzima ya bwawa haina hata kipande kimoja cha njano, Shangazi, na mimi nimefundisha pale miaka minne.

Basi nikamtafuta mama wa yule mtoto. Nikamwambia kwamba sikumtuma msafishaji, na kwamba sikuona. Hakunitukana. Amemhamisha mtoto, na mwalimu mkuu amenisimamisha mpaka nilete cheti cha macho. Wote wawili wana haki.

Sikwambii asante na sikwambii nimekusamehe. Nakuuliza swali moja, nawe unijibu bila maneno mengi. Je, ni kadi yangu peke yake?

Mwanao


25 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Yule paka asiyetakiwa amekamata panya wake wa kwanza akaniletea juu ya daftari. Bati limezibwa.

Si yako peke yake. Nilifunga duka siku tatu nikazitoa droo zote. Ni thelathini na moja. Waliozeeka wakashindwa kuja, waliotuma watoto wao kuchukua miwani, waliosema "ileile tu, fundi, nina haraka". Wote nimewanakili, kila mwaka mstari, hakuna pengo. Nimewaandikia barua mmoja mmoja. Wengine wamekuja kunitukana. Mmoja alikuja na fimbo yake, akatukana akiwa ameketi kwenye kiti cha kupimia, na nikampima huku anatukana. Ubao wa herufi ni mpya. Mto wa kiti nimeushona.

Wa kwanza kumwita alikuwa mama yako. Kadi yake nimeinakili miaka minne, kwa kuwa alikuwa akituma mtu kuchukua miwani. Alikuja na mkoba wake, akaushikilia mapajani, anatazama mlango. Mstari wa kwanza aliusoma. Wa pili aliukisia. Wa tatu aliniuliza, "Kwani hapo kuna kitu?" Nikabadilisha lenzi, hii au ile, hii au ile, na yeye anajibu kwa mkato kama anayetoa ushahidi. Akageuza kichwa akanitazama usoni, muda, kama anayesoma.

"Wifi," akasema, "kumbe umezeeka hivi."

Nikamwambia tunakutana barabarani kila wiki, alikuwa haoni? Akasema, "Barabarani naona nguo zinakuja. Nilikuwa nangoja unisalimie nijue ni wewe. Ukawa husalimii. Nikajua umenichukia tangu kaka yako alipofariki."

Miaka minne, mwanangu. Nilimwita mwenye kiburi kwa kila aliyeingia dukani, na nilikuambia wewe, na macho yake nilikuwa nimeyafungia mwenyewe kwenye droo ya tatu. Nilikwenda nyuma kuchemsha chai. Nilikaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Usidhani nimekuwa mpole. Hizo lenzi ngumu kakuchongea nani? Nitazitazama kingo zake, na kama zimesagwa kwa haraka nitamwandikia mwenye meno barua ya pili.

Ndani ya bahasha hii kuna kadi mpya. Jina lako nimeandika, na mwaka. Mahali pa namba sikuandika kitu. Ni kadi ya kwanza kutoka duka hili ikiwa wazi, na babu yako angekuwepo ningelala nje. Usiijaze, wala usimpe mtu aijaze. Ukipata siku, njoo nayo uketi, nikuulize taa zikoje.

Shangazi yako